Jina Nililolifuta Katika Ukoo wa Watu

Aliingia dukani amelikumbatia boksi la viatu kwa mikono miwili, theluji bado iko mabegani. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi kule Roseville, karibu na jengo kubwa la maduka, na wateja wetu wengi walikuwa wanafunzi. Yeye alikuwa na miaka themanini na ushei, mrefu, mgongo umenyooka, na alizungumza kama mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu: alifundisha hesabu katika shule za Minneapolis mpaka alipostaafu.

Ndani ya boksi mlikuwa na ukoo wake. Karatasi zaidi ya mia mbili, nyingine za mistari, nyingine zimeandikwa nyuma ya bahasha, zote kwa mkono wake. Alitaka kuzitoa fotokopi. Nilipoziona nikamwambia mashine itazitoa, lakini hakuna atakayeweza kuzisoma.

"Basi nani anaweza kunichapia?" akauliza.

Nikasema mimi. Hapa sina cha kujitetea. Nilijitolea mwenyewe, na nilijitolea kwa kuwa najua kuchapa. Kabla ya kuja Marekani nilikuwa karani wa mahakama Mombasa, na nilikuwa nimechoka kusimama nyuma ya mashine nikibonyeza kitufe cha kijani.

Kwa hiyo kila Jumamosi, badala ya kubaki nyumbani Burnsville na mume wangu na binti yangu, nikawa naendesha gari kwenda kwake, upande wa kaskazini-mashariki wa Minneapolis, mtaa ambao Wapolandi waliujenga zamani na makanisa yao bado yamesimama kila baada ya kona mbili. Tulikaa jikoni. Yeye alisoma mwandiko wake pale nilipokwama, mimi nilichapa. Alinipikia vitu kama sambusa za kuchemsha, za viazi na jibini, na mara ya kwanza kabisa, kabla sijauliza, alisema, "Hamna nguruwe humu. Nimetumia sufuria mpya." Pia alikuwa akioka keki yenye mbegu ndogo nyeusi ambazo mimi niliziona kama habasoda.

Kwao walikuwa waungwana. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, bila majivuno, kama mtu anavyotaja kundi lake la damu. Walikuwa na kijiji kimoja Poland na nusu ya kingine, na nembo ya ukoo: kiatu cha farasi juu ya rangi ya buluu, na msalaba katikati. Babu yake alipofika huku alibeba magunia kwenye vinu vya unga vilivyokuwa kando ya mto, lakini ile nembo aliiweka sandukuni, na siku za sikukuu aliwatolea watoto wake waiangalie, kisha inarudishwa.

Nilimwita mama. Mtu wa umri ule siwezi kumtaja kwa jina, hata kama huku kila mtu hufanya hivyo. Nilipomweleza maana yake akataka na yeye awe na la kuniita, nikamwambia aniite binti. Alilitamka vizuri kuliko binti yangu wa kumzaa, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza.

Siku moja nilimsimulia habari za kwetu. Baba yangu alikuwa na karatasi ya nasaba ndani ya mkebe wa biskuti, inapanda baba hadi baba mpaka Hadhramaut. Wanawake hawamo. Kaka zangu wamo, mimi simo. Nilimwambia kama kichekesho, lakini aliweka kikombe chini.

"Katika changu wataingia wote," akasema. "Wote, binti. Ndiyo maana naandika."

Nikamsifu. Sikuuliza alikuwa anamfikiria nani.

Tulifanya kazi majira ya baridi yote. Karne zile za mwanzo zilikuwa ngumu kwa sababu wale watu walirudia majina: baba, mwana, mjukuu, wote jina moja, na kila mmoja akaoa mwanamke mwenye jina la mama yake. Nikawa hodari wa kuwatenganisha. Nikawa hodari mno. Kuna mahali aliandika mtu mmoja mara mbili kwa kusahau, nikamwonyesha, akacheka na kusema kweli, mfute mmoja. Mara nyingine akanisimulia habari ya magunia ya babu yake, na kabla chai haijapoa akaisimulia tena. Nilisikiliza kwa adabu, lakini moyoni niliweka alama. Nilianza kumwona kama mzee anayeteleza, na mimi kama mtu wa kumshika mkono.

Tulipokaribia mwisho, yaani kizazi chake mwenyewe, macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho na alikuwa anasubiri kupasuliwa. Kurasa za zamani alizikagua kwa kioo cha kukuzia maandishi, mstari kwa mstari. Za kizazi chake alinipa nikazichapie nyumbani.

"Hizi sihitaji kuzikagua," akasema. "Hawa nawajua kwa moyo. Chapa tu kama zilivyo."

Nilizichapa Jumapili, mezani kwangu, binti yangu akifanya kazi za shule upande wa pili. Kwenye karatasi ya ndugu zake nikakuta watoto wanne. Wa kwanza kaka yake. Wa pili msichana aliyekufa akiwa na miezi mitatu. Wa tatu yeye. Wa nne msichana tena, na jina lake lilikuwa lilelile la yule mtoto mchanga. Mbele yake palikuwa na mwaka wa kuzaliwa tu. Hapakuwa na ndoa, watoto wala tarehe ya kufa. Pembeni palikuwa na nyota ndogo ya penseli.

Nikasema peke yangu, masikini, amemwandika tena. Nikaufuta ule mstari.

Sikumpigia simu. Ingenichukua dakika mbili. Nilijiona nimemsitiri.

Kitabu kilichapwa, nakala za kuwatosha jamaa wote, jalada la buluu lenye kiatu cha farasi. Mwezi wa sita jamaa walikusanyika kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa lao, watu kutoka majimbo mbalimbali, meza ndefu, watoto wakikimbizana. Alinialika na kuniweka meza ya mbele. Nilivaa buibui langu zuri. Kila aliyepita alinishika mkono na kunishukuru, na sitasema uongo, nilifurahi.

Macho yake yalikuwa yameshapasuliwa na sasa anaona vizuri. Akasimama na kipaza sauti, akafungua kitabu mahali alipokuwa ameweka utepe. Alisema atasoma kizazi kimoja tu, chake, kwa sababu kuna jambo ambalo wazazi wake hawakutaka lisemwe na yeye amelibeba tangu utotoni. Akasoma kaka yake. Akasoma yule mtoto mchanga. Akasoma jina lake.

Akageuza ukurasa. Akaurudisha. Akapitisha kidole chini, polepole, akarudi juu.

"Yuko wapi?" akauliza, na kipaza sauti kikalirusha swali ukumbi mzima.

Mpwa wake, mtoto wa yule kaka, mwanamume wa makamo aliyekuwa akimsaidia mambo mengi, akaenda akasimama kando yake. "Nani, shangazi?"

"Mdogo wangu."

"Dada yako si huyu hapa? Alikufa mchanga."

"Siyo huyo. Aliyezaliwa baada yangu. Walimpa jina la yule aliyekufa." Aligonga ukurasa kwa kidole. "Alikuwa haendi vizuri wala hasemi vizuri. Alipofika miaka sita wakampeleka kwenye nyumba ya serikali ya watoto kama yeye, wakasema damu yetu haizai watoto wa namna ile. Akafia huko. Hatukuambiwa hata mwaka gani. Nilimwandika. Mimi nilimwandika."

Watu wakaangaliana. Nami nilijua papo hapo. Niliiona ile nyota ya penseli mbele ya macho yangu kama iko mezani.

Akanigeukia. "Binti. Kwenye karatasi zangu alikuwepo?"

Kila uso uligeuka kwangu, nyuso zilezile zilizokuwa zikinishukuru. Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno dogo.

"Sikumbuki kumwona, mama," nikasema. "Nilichapa kilichokuwepo."

Aliniangalia kidogo. Hakunishuku, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: aliniamini. Akafunga kitabu. "Basi ni mimi," akasema. "Nimemsahau mimi. Kama wao."

Karatasi zake zilikuwa kwenye buti ya gari langu, ndani ya mfuko wa nguo, nilikuwa nimezileta nimrudishie siku hiyo. Nilipotoka nilisimama kwenye maegesho nikaitafuta ile karatasi, nikauona mstari, nikairudisha karatasi mfukoni na kuendesha gari mpaka nyumbani. Nikauweka mfuko kabatini, chini ya mablanketi.

Wiki iliyofuata alinipigia simu. Alitaka aone kwa macho yake kama kweli hakumwandika. "Zile karatasi, binti, unazo wewe?"

Hapa ndipo nilipofanya baya kuliko lile la ukumbini. Ukumbini nilishtukizwa. Hapa nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, na siku saba za kufikiri nilizipata.

"Nilikurudishia, mama," nikamwambia. "Siku ile ya kanisani. Hukumbuki?"

"Hapana," akasema. "Sikumbuki." Akanishukuru na kukata simu.

Mpwa wake ndiye aliyenieleza yaliyofuata, maana alinipigia kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Alisema alimkuta shangazi yake sakafuni, droo zote zimemwagwa, anatafuta karatasi tangu asubuhi na hajala. Wakampeleka kwa daktari. Walimpa majaribio, akatishika, akakosea hata vitu vyepesi, mwalimu wa hesabu. Daktari akasema kwa sasa asiendeshe gari. Mpwa akaniuliza, kama mtu aliyekuwa naye kila wiki, je, niliona dalili za kusahau?

"Kidogo," nikasema.

Sina la kuongeza kwenye neno hilo.

Wakachukua funguo za gari, lile gari la kijani alilokuwa akienda nalo sokoni, kanisani na kuogelea. Baadaye nikasikia amehamishiwa nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights. Siku moja nilipita mtaani kwake, najidai nina shughuli upande ule, nikakuta kibao cha kuuza nyumba kimechomekwa kwenye majani, na mapazia ya jikoni yameondolewa.

Nilimweleza mume wangu. Yeye hufanya kazi uwanja wa ndege na si mtu wa maneno mengi. Alisikiliza yote mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Na hizo karatasi ziko wapi sasa?"

"Kabatini."

"Kabati letu? Humu ndani tunamolala?"

"Ndiyo."

Akavua kofia, akaiweka mezani. "Mrudishie, mke wangu."

"Twende wote."

"La. Hili mimi siliingii. Utakwenda peke yako."

Bado nilichelewa. Wiki tatu nyingine. Kila Jumamosi nilipata sababu: mtoto ana mafua, barabara zina barafu, gari lina kelele. Nilipokwenda hatimaye ilikuwa imepita miezi minane tangu siku ya ukumbini, theluji imeanza tena kuyeyuka.

Chumba chake kilikuwa kidogo na cheupe, dirisha linaangalia miti na kipande cha mto Mississippi. Alikuwa amekaa mezani anaandika. Alifurahi kuniona, akanikumbatia, akaniambia nimekonda. Nikaliona daftari lake. Upande mmoja aliandika jedwali la kuzidisha, la kumi na saba, la kumi na tisa, ukurasa baada ya ukurasa. Upande wa pili aliandika alichokula, aliyempigia simu, rangi ya shati la muuguzi.

"Najipima," akasema. "Jioni nafunika, naangalia kama nakumbuka."

"Na unakumbuka?"

"Mara nyingi yote. Ndiyo inanitia hofu. Siku ile pia nilikuwa na hakika."

Nikaweka mfuko mezani. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima kutoka Burnsville, na lilitoka moja tu. "Ulimwandika, mama."

Akautoa mzigo wa karatasi. Alijua pa kutafuta. Akaipata ile karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa nne, akakiacha pale. Nilimwona akipumua.

"Nilimwandika," akasema kwa sauti ndogo, hasemi nami. Kisha akarudia, "Nilimwandika."

Halafu akaniangalia, na yale macho mapya yalikuwa makali sana. "Kwa nini?"

"Niliona jina limejirudia. Nikadhani umekosea."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Na ukumbini?"

"Niliona haya mbele ya watu."

"Kwa hiyo haya yako ukanipa mimi nikubebee." Alifunga daftari lake. "Miezi minane nimekuwa nikijiogopa. Unajua ni nini mtu kuamka asubuhi anajiogopa? Na ile simu. Uliniambia sikumbuki."

Nilianza kulia. Akanizuia kwa mkono, kama anayesimamisha darasa.

"Usilie hapa. Nenda."

Nilikwenda. Nilikaa garini kwa muda kabla ya kuweza kushika usukani.

Baada ya siku kumi akanipigia, sauti kavu. Alitaka nije na kompyuta. Hakunikaribisha chai. Alisema ukurasa ule utachapwa upya na utatumwa kwa kila aliyepata kitabu, pamoja na barua, na barua nitaiandika mimi na kuitia saini mimi. Niliandika palepale, akaisoma na kalamu nyekundu mkononi. Nilikuwa nimesema kwamba mstari uliachwa kwa bahati mbaya. Akayakata maneno hayo.

"Haikuwa bahati mbaya," akasema. "Uliufuta. Sema uliufuta. Na useme uliniambia sikumbuki."

Nikaandika hivyo. Akarekebisha koma moja, akasema itume.

Mpwa wake alinipigia siku alipoipata. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alisema nyumba imeshauzwa na walioinunua wameshahamia, na gari amempa binti yake mwenyewe. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza wewe kwa mdomo wangu, ukasema kidogo." Nikamwambia ni kweli. Akakata simu, na mpaka leo tukikutana kwenye korido ya nyumba ya wazee hunipita.

Mama alirudi kwa daktari. Alipimwa upya, na safari hii akili ilikuwa imetulia. Wakamwambia kwa umri wake hana tatizo. Lakini hakuwa na nyumba ya kurudia, na aliponieleza hilo alilieleza kama habari ya mtu mwingine. Hajawahi kuniambia amenisamehe, nami sijathubutu kuuliza. Ninakwenda Jumamosi mbili kwa mwezi kwa sababu hakunikataza.

Barua zilileta majibu machache. Wengi hawakuandika kitu. Lakini binamu yake mmoja, mwanamke wa umri wake anayeishi mbali, aliandika kurasa mbili. Alisema mama yake alimpeleka mara moja kwa siri kumtembelea yule mtoto kwenye nyumba ya serikali. Alikumbuka kwamba walikuta anapanga vijiko, vikubwa kwa vikubwa na vidogo kwa vidogo, na kwamba alikuwa na nywele nyekundu.

"Nyekundu," mama akasema. "Hilo nililisahau kweli."

Akaniambia nifungue kompyuta, kwenye ule ukurasa, chini ya mstari wa nne. Akanitajia maneno moja moja: nywele nyekundu, alipenda kupanga vijiko, alitembelewa na shangazi yake mara moja. Nikachapa. Akasogeza kiti chake mpaka akawa bega kwa bega nami, akavaa miwani.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Soma tena, na uniwekee kidole kwenye kila neno."

Nikaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, nikasoma tena tangu mwanzo.